UZI: Kuunganisha waya mbili za mtandao nyumbani zifanye kazi kama moja, hatua kwa hatua na pale nilipokwama

#1 Mpigapicha wa Uani

Wakuu salaam.

Jambo hili nimehangaika nalo miezi minne, na sehemu kubwa nimejifunza kwa kukwama. Nimeona nilete uzi kwa sababu nilipotafuta maelezo kamili kwa Kiswahili niliambulia vipande, na najua humu kuna wenye studio ndogo na wenye seva ya sinema nyumbani wanaoteseka na jambo hilihili.

Kazi yangu ni video za harusi na sendofu. Tunahariri nyumbani, chumba cha uani, tuko watatu: mimi, mdogo wangu na kijana mmoja tunayemfundisha kazi. Mzigo wote uko kwenye seva moja, kompyuta ya zamani niliyoiwekea Debian (aina ya Linux) na diski nne. Kila mtu anafungua kazi kutoka kwenye seva moja kwa moja, hakuna kunakili kwenye mashine yake.

Tatizo lilikuwa Jumatatu. Wikiendi imepita, harusi mbili zimeingia, wote watatu tumekaa kitini, picha zinaganda. Nikalaumu diski, nikalaumu programu ya kuhariri, mwisho nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Kamera zetu zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8, ni megabaiti 12.5. Harusi moja ina kamera tatu, na mhariri anapozichezesha zote tatu kwa pamoja ili achague anavuta megabaiti 37.5 kila sekunde. Watu watatu ni 112.5. Waya ya gigabiti moja, ukitoa kinachobebwa na vichwa vya pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni), inakupa megabiti 941 hivi, yaani megabaiti 117 na ushee. Kwa hiyo tulikuwa tumeijaza waya hadi ukingoni. Mmoja akianza kumwekea mteja kazi yake kwenye diski ya nje, wote tunasimama.

Dawa niliyoichagua ni kutoa waya mbili kutoka kwenye seva hadi kwenye swichi, kile kiboksi kinachounganisha waya za mtandao wa nyumba, na kuziambia pande zote mbili kwamba hizi ni njia moja. Kwenye menyu za vifaa utakuta jambo hilo lina majina mengi: bondi, LAG, tranki, 802.3ad. Itifaki inayozifanya pande mbili zikubaliane inaitwa LACP. Kiwango chenyewe kilitoka mwaka 2000 kama 802.3ad, mwaka 2008 kikahamishiwa kwenye 802.1AX, lakini menyu nyingi hadi leo zimeshikilia jina la zamani, kwa hiyo usihangaike ukiona hilo.

Kabla sijaendelea, naomba mshike jambo moja, maana ndilo linalowavunja watu moyo. Mtu mmoja akinakili faili moja, hatapata kasi mara mbili. Chukua pale Magogoni, kwenye kivuko cha Dar. Kukiwa na pantoni mbili zinavusha, foleni ya magari inapungua nusu, lakini gari lako linapanda pantoni moja tu, na linafika Kigamboni kwa muda uleule. Huwezi kuweka matairi ya mbele kwenye pantoni hii na ya nyuma kwenye ile. Mtandao nao uko hivyo: mazungumzo kati ya mashine mbili yanapangiwa waya moja na yanabaki humo, ili pakiti zifike kwa mpangilio. Faida unaiona watu wanapokuwa wengi.

Vifaa: seva nimeiongezea kadi ya mtandao ya Intel ya poti (matundu ya waya) mbili, mtumba kutoka Kariakoo. Swichi ni ya poti 24, mtumba pia, ya zile zinazosetiwa kwa kivinjari na zina LACP ndani yake. Sisitizo langu kwa anayekwenda dukani: usiulize tu kama swichi inasetika. Uliza kama ina LACP. Zipo nyingi za bei ndogo zenye menyu na zina kipengele cha LAG, lakini ni LAG ya kulazimisha tu, haina LACP. Inafanya kazi, ila upande wa seva lazima utumie `balance-xor` badala ya `802.3ad`, na hakuna atakayekuambia kama upande wa pili umeseti vibaya.

Naendelea kwenye bandiko linalofuata.

#2 Mpigapicha wa Uani

Kosa la kwanza niliseme mapema ili lisimkute mwingine. Kabla sijapata swichi hii nilikuwa na mbili za kawaida, moja sebuleni na moja uani, zimeunganishwa kwa waya moja. Nikafikiri nikiongeza waya ya pili kati yake nitapata njia pana. Nilipochomeka tu, taa zote za swichi zote mbili zikaanza kupepesa kwa pamoja, haraka, kama moyo mmoja. Ndani ya sekunde chache nyumba nzima haikuwa na mtandao. Simu ziko kwenye Wi-Fi lakini hazifungui kitu, printa imepotea, seva haiitiki. Nilichokuwa nimetengeneza ni mduara: ujumbe wa kutangaza kwa wote ukiingia unazunguka bila kuisha, na kila mzunguko unaongezeka. Nilichomoa waya ile moja, kila kitu kikarudi. Swichi za kawaida haziwezi kujua kwamba waya mbili ni njia moja. Usijaribu.

Sasa kuseti kwenyewe. Nilianza na swichi, nikaunda kundi, nikaweka poti 1 na 2, nikachagua LACP. Kwenye seva nikaweka kifurushi cha `ifenslave`, kisha faili la `/etc/network/interfaces` likawa hivi:

```
auto bond0
iface bond0 inet static
    address 192.168.10.5/24
    gateway 192.168.10.1
    bond-slaves enp3s0f0 enp3s0f1
    bond-mode 802.3ad
    bond-miimon 100
    bond-xmit-hash-policy layer3+4
```

Zile `enp3s0f0` na `enp3s0f1` ni majina ya poti kwenye mashine yangu, yako yatazame kwa `ip link`. Ondoa mistari ya zamani iliyokuwa inazipa poti hizo anwani, maana anwani sasa inakaa kwenye `bond0` peke yake. Na fanya kazi hii ukiwa na skrini na kibodi vimechomekwa kwenye seva. Ukifanya ukiwa mbali kupitia mtandao huohuo unaoubadilisha, ukikosea mstari mmoja umejifungia nje.

Halafu unakagua:

```
cat /proc/net/bonding/bond0
```

Hapa ndipo penye ukweli wote. Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza, `Partner Mac Address`, yaani anwani ya kifaa cha upande wa pili. Ukiona sufuri tupu, `00:00:00:00:00:00`, swichi haijajibu LACP, hata kama taa zinawaka na intaneti inafanya kazi. Mimi nilikaa wiki mbili nikiamini nina bondi kumbe niliseti kundi kwenye swichi nikasahau kuhifadhi, umeme ulipokatika likafutika. Cha pili, `Aggregator ID` (namba ya kundi) ya kila poti lazima ifanane. Cha tatu, `Speed` ya kila poti.

#3 Kisiki

Nimeweka kambi hapa mkuu. Nina kafe ndogo, mashine kumi na seva ya michezo. Hii ya pantoni imeniingia moja kwa moja.

#4 Swichi Nane

Madini haya. Mkuu, hukusema kwa nini umeweka `layer3+4`. Ukiacha bila kuandika kitu inakuwa `layer2`, na watu wengi wanaacha hivyo.

#5 Mpigapicha wa Uani

Asante kwa kuuliza, hapo ndipo nilipopoteza muda mrefu kuliko pengine pote.

Bondi ilipokubali, nilifurahi, tukakaa kufanya kazi, picha zikaganda vilevile. Nikaendesha `ip -s link` nikatazama kila poti imetuma kiasi gani. Poti ya kwanza imetuma mamia ya gigabaiti. Ya pili karibu na bure. Waya ya pili ilikuwa imekaa pale kama pambo.

Sababu ni namna seva inavyochagua waya. Kwenye `layer2` inachukua anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) yake na ya anayetumiwa, inazichanganya baiti za mwisho, kisha inagawanya kwa idadi ya waya na kutazama baki. Waya zikiwa mbili, yote hayo yanarudi kwenye swali moja: tarakimu ya mwisho ya MAC ya mashine ni shufwa au witiri? Nikaenda kwenye kila mashine nikaandika kwenye karatasi. Yangu inaishia na 4. Ya mdogo wangu, A. Ya kijana, E. A ni 10, E ni 14. Zote shufwa! Mashine tatu zote zikapangiwa waya ileile, kila siku, bila kubadilika.

Sitasahau nilivyokaa na karatasi ile. Wiki nzima nilikuwa nabadilisha vichwa vya waya na kuitilia shaka kadi ya watu.

`layer3+4` inatazama anwani za IP na namba za poti za mazungumzo (hizi si matundu ya waya, ni namba zinazotenganisha mazungumzo), kwa hiyo hata mashine moja ikifungua mazungumzo mengi yanaweza kutawanyika. Nilipoweka hiyo, poti zote mbili zikaanza kupanda.

Na jambo jingine ambalo nililielewa kwa kuchelewa: kila upande unachagua njia ya kile anachotuma yeye. Seva inachagua waya ya kutolea video kuja kwetu. Tunapopakia mzigo mpya kwenda kwenye seva, anayechagua ni swichi, kwa kanuni yake mwenyewe, iliyoko kwenye menyu yake. Ukirekebisha seva tu, kusoma kutakaa sawa na kuandika kunaweza kubaki kwenye waya moja. Kwetu haikunisumbua kwa sababu kazi yetu ni kusoma zaidi, lakini mwenye kamera nyingi za ulinzi zinazorekodi kwenye seva atazame upande wa swichi kwanza.

#6 Swichi Nane

Umeeleza vizuri. Naongeza angalizo: maelezo ya Linux yenyewe yanasema `layer3+4` haifuati kiwango kwa asilimia zote. Pakiti ikikatwa vipande, vile vipande havina namba ya poti, basi mazungumzo yaleyale yanaweza kupita waya mbili na kufika bila mpangilio. Kwa mtandao wa nyumbani wa TCP sijawahi kuona ikileta shida, ila anayetaka kukaa salama kabisa atumie `layer2+3`.

#7 Mpigapicha wa Uani

Nimepokea mkuu, hilo sikuliandika na lilistahili kuwemo.

#8 Kaka Faiba

Wakuu nisaidieni. Mimi niko peke yangu, laptopu moja na seva moja. Nataka faili la gigabaiti 50 liende haraka. Kwa maelezo ya hapo juu hii haina faida kwangu?

#9 Swichi Nane

Ndiyo, kwako haina faida. Utaona megabaiti 110 au zaidi kidogo kama kawaida.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kadi za gigabiti 2.5. Kiwango chake, 802.3bz, kilitoka 2016, na uzuri wake kinapita kwenye waya ya Cat5e hadi mita 100, kwa hiyo huvunji ukuta. Kadi mbili na swichi ndogo, faili moja linafika megabaiti 280 kwa sekunde, mradi diski zako zinaweza. Diski moja ya kuzunguka mara nyingi haiwezi.

Ya pili, kama una poti mbili kila upande na unatumia Windows na Samba (programu ya Linux ya kushirikiana mafaili na Windows), ni SMB ya njia nyingi, SMB ikiwa ndiyo itifaki ya mafaili hayo. Hiyo ilianza na SMB 3.0 wakati wa Windows 8, na kwenye Samba imewashwa yenyewe tangu toleo la 4.15. Yenyewe inafungua mazungumzo kadhaa kwa faili moja. Hapo huundi bondi: kila poti inabaki na anwani yake ya IP, na afadhali kila poti iwe kwenye mtandao wake, mfano moja 192.168.10 na nyingine 192.168.20. Ukiziweka mbili kwenye mtandao mmoja, Linux inaweza kuitikia kwa poti isiyo yake na utahangaika kutafuta shida isiyoonekana.

#10 Mpigapicha wa Uani

Nakubaliana kabisa na mkuu. Ningekuwa naanza leo bila kitu chochote, na niko peke yangu, ningenunua 2.5. Kwangu swichi ya poti 24 nilikuwa nayo, waya nilikuwa nazo, na nilitaka pia waya moja ikifa kazi isisimame. Na imeshatokea. Mwezi uliopita panya wamekata waya moja juu ya jipsamu, kati ya chumba na korido. Hatukujua! Kazi iliendelea siku kumi na moja. Niligundua siku niliyofungua lile faili la `/proc` kwa jambo jingine nikakuta `MII Status: down`.

Ndiyo maana sasa nimeweka skripti fupi inayosoma faili hilo kila saa na kunitumia ujumbe ikiona neno `down`. Bondi inakuficha maradhi yake. Ukiiweka bila kuiangalia, siku waya ya pili ikikatika utafikiri imekufa moja kumbe zimekufa mbili.

#11 Bint Uroa

Kaka, asante kwa uzi. Mimi nina lile boksi la diski la kununua dukani, lina poti mbili za mtandao nyuma, na swichi yangu ni ya kawaida isiyo na menyu. Nina mashine nne za ofisi. Ile poti ya pili niiache tu?

#12 Mpigapicha wa Uani

Usiiache dada. Tafuta kwenye mipangilio ya mtandao ya boksi lako, sehemu ya kuunda bondi. Mara nyingi kuna chaguo la kugawa mzigo ambalo linasema halihitaji msaada wa swichi. Kwenye Linux linaitwa `balance-alb`. Boksi lenyewe linagawa: linaijibu mashine hii kwa MAC ya poti ya kwanza na ile kwa MAC ya poti ya pili, kwa hiyo swichi haijui lolote na haihitaji kujua. Ukitaka usalama tu, chagua ile ambayo poti moja inafanya kazi na nyingine inasubiri.

Usichague 802.3ad kwenye swichi yako hiyo. Boksi litakaa linasubiri jibu la LACP lisilokuja.

#13 Bint Uroa

Nimeiona, ni chaguo la juu kabisa kwenye orodha. Nimewasha na mashine zote zinalifungua. Nitapima kesho watu wakiwepo.

#14 Mkaazi wa Kisauni

Salaam aleikum ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma yote. Suala langu ni kwamba nina faiba ya megabiti 20 na pia nina Starlink. Naweza kuziunganisha kwa LACP nikapata intaneti moja kubwa?

#15 Swichi Nane

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapana. LACP ni makubaliano ya vifaa viwili vilivyoungana ana kwa ana: waya zote zinaanzia kifaa kimoja na kuishia kifaa kimoja. Faiba yako inaishia kwa kampuni moja, Starlink inaishia kwingine, hakuna aliye upande wa pili wa kuzishika zote mbili.

Unachotaka ni ruta inayopokea intaneti mbili na kugawa mazungumzo: huyu apite faiba, yule apite angani, na moja ikikatika wote wahamie nyingine. Kwenye ruta za MikroTik watu hufanya kwa PCC, kanuni ya kugawa kila mazungumzo njia yake. Faili moja bado litapita njia moja. Wanaotaka kuziyeyusha kabisa ziwe moja hukodi seva nje, wakapeleka mihandaki ya VPN miwili hadi huko ikaunganishwe, na unalipa kwa ucheleweshaji. Hilo linastahili uzi wake.

#16 Mkaazi wa Kisauni

Shukran sana, umenitoa kwenye gharama. Nilikuwa nishaulizia bei ya swichi.

#17 Msukuma Waya

Kwa wenye MikroTik upande wa swichi, amri ndiyo hii:

```
/interface bonding add name=bond1 mode=802.3ad slaves=ether2,ether3 transmit-hash-policy=layer-2-and-3
/interface bridge port add bridge=bridge interface=bond1
```

Kosa ninalolikuta kwa wateja: `ether2` na `ether3` bado ziko ndani ya daraja (`bridge`, kundi la poti zinazofanya kazi kama swichi). Zitoe kwanza, kisha ingiza `bond1` peke yake. Poti haiwezi kuwa mwanachama wa bondi na wa daraja kwa wakati mmoja.

#18 Kisiki

Wakuu nimerudi. Nimenunua swichi yenye LACP, nimeseti kama bandiko la #2, lakini kasi haijabadilika. Nimetoa hii, nimekata isiyohusu:

```
Slave Interface: enp4s0
MII Status: up
Speed: 1000 Mbps
Aggregator ID: 1

Slave Interface: enp5s0
MII Status: up
Speed: 100 Mbps
Aggregator ID: 2
```

Partner MAC ninaiona, si sufuri.

#19 Mpigapicha wa Uani

Mkuu tazama `enp5s0`. Iko 100. LACP haichanganyi waya za kasi tofauti kwenye kundi moja, ndiyo maana imepewa `Aggregator ID` yake, 2, na imewekwa kando. Kundi linalofanya kazi ni la waya moja.

Kadi ni ya gigabiti?

#20 Kisiki

Ni ya gigabiti, zote mbili ni aina moja. Nimebadilishana waya kwenye kadi, na ile 100 imehama na waya.

#21 Msukuma Waya

Basi ni waya, na kwa asilimia kubwa ni kichwa. Mtandao wa megabiti 100 unahitaji jozi mbili tu, rangi ya chungwa na kijani, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Bluu au kahawia ikikosa kugusa, vifaa vinashuka hadi 100 kimyakimya na taa inawaka kama kawaida. Tazama kichwa kwa ubavu, kwenye mwanga. Kila uzi wa shaba lazima ufike mwisho kabisa, uone ncha nane zinang'aa.

Ukibana upya, mpangilio wa B: chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, bluu, bluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Pande zote mbili sawa.

Na ukishakata, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Hiyo inakatika ndani ya kichwa kwa kupindishwa tu. Kwa waya ya mita mbili inaweza kukuvumilia, kwa ya kupita darini mimi siiweki.

#22 Kisiki

Umeona kama ulikuwepo. Ile ya kahawia imeishia nusu ya kichwa, haijagusa pini. Na nimekwaruza: ndani nyeupe. Roli nzima nimeuziwa hivyo, na nilimwambia muuzaji nataka shaba tupu.

#23 Msukuma Waya

Pole sana. Bana upya upate kuendelea na kazi, lakini waya ya kutoka kwenye seva itafutie shaba. Ndiyo inayobeba watu wote.

#24 Mpigapicha wa Uani

Ukimaliza, pima hivi. Usipime kwa kunakili faili, maana diski zitaingilia majibu. Weka `iperf3`, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye seva na kwenye mashine mbili. Seva ya `iperf3` inahudumia mmoja kwa wakati, kwa hiyo fungua mbili:

```
iperf3 -s -p 5201
iperf3 -s -p 5202
```

Kisha mashine ya kwanza iende 5201, ya pili 5202, kwa pamoja, na uweke `-R` ili seva ndiyo itume:

```
iperf3 -c 192.168.10.5 -p 5201 -R -t 30
```

Kila moja ikikupa 940 hivi, zimepanda waya tofauti. Zikigawana 470 kwa 470, zimepanda ileile, rudia tu, mazungumzo mapya yatapangwa upya. Kwa waya mbili na mashine mbili ni kama kurusha shilingi. Ndiyo maana bondi inaonyesha thamani yake mashine zikiwa nyingi, kama kafe yako.

#25 Kisiki

Nimepata mita 15 za shaba tupu, nimebana, testa imewaka zote nane. Sasa:

```
enp4s0  1000 Mbps  Aggregator ID: 1
enp5s0  1000 Mbps  Aggregator ID: 1
```

Mara ya kwanza 471 na 470. Nikarudia: 941 na 940. Kisha nimeziwasha mashine nane zivute mchezo kutoka kwenye seva kwa pamoja, nikatazama poti: moja imetuma gigabaiti 61, nyingine 48. Kabla ya hapa vijana walikuwa wanasubiri nusu saa asubuhi kila mchezo ukitoa toleo jipya.

#26 Mpigapicha wa Uani

Safi sana. Mgawanyo hautakuwa sawa kwa sawa, 61 na 48 ni mzuri.

Bado jambo moja. Anzisha kunakili faili kubwa, kisha chomoa waya moja kwa mkono ukiwa unatazama. Afadhali ujue leo wewe ukiwepo.

#27 Bint Uroa

Na mimi nimefanya hilo asubuhi kwenye boksi langu, watu wanne wakiwa kazini. Hakuna aliyeinua kichwa.

#28 Kisiki

Nimechomoa ile ya `enp4s0`. Kasi ilishuka kufika chini kama kupepesa jicho, ikapanda tena, faili likaendelea hadi mwisho. Nimerudisha waya, nikasubiri kidogo, nikachomoa ya pili. Vilevile. Mteja mmoja alikuwa kwenye mashine namba 6 anacheza, nimemuuliza kama ameona kitu chochote, akaniuliza kitu gani.